Shaba Iliyokataa Sumaku

Siku watu wa Samuye walipokaa chini kuamua kama Shangazi Apolonia abaki kijijini au afukuzwe kwa uchawi, mtu aliyemchoma Bujiku mkono alikuwa amekaa pale pale, kwenye mkeka wa wanawake, akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Hakuwa Shangazi Apolonia. Alikuwa Zipora, dada wa marehemu Bujiku, tumbo moja, ziwa moja. Msomi wa ukoo, mwenye koti jeupe la kazini. Waliolijua jambo hilo walikuwa wawili tu, yeye na mama yake, na mama mtu alikuwa amekaa ubavuni pake, amemshika kiwiko kwa vidole vigumu kama anayemzuia mbuzi asiruke boma.

"Unyamaze," alikuwa amemwambia asubuhi ile jikoni. "Nimezika mmoja, ng'wanawane, mwanangu. Sitaki wa pili akaozee jela. Wifi yangu atakwenda kwa binti yake Ushetu, atakaa huko. Wewe ukifungwa, mimi nabaki na nani?"

Asije mtu akamwita mama huyo katili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa amebakiwa na mmoja. Lakini alijua, kama alivyojua kila mtu aliyekaa pale, kwamba bibi kizee akishatajwa uchawi mbele ya watu, kufika Ushetu salama ni bahati. Wapo waliofukuzwa wakakutana na mapanga njiani. Wapo waliohama na jina likawafuata huko huko. Shangazi Apolonia alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa kupikia kwa samadi miaka nenda miaka rudi, na kwa watu wengi wa kwetu macho ya namna hiyo ni ushahidi tosha hata kabla mtu hajafa.

Bujiku alikuwa mchomaji wa zebaki. Huko Geita alikokuwa akitafuta riziki, wenzake walishuka maduarani, kwenye mashimo ya mgodi, na wengine walisaga mawe kwenye makarasha. Kazi yake yeye ilikuwa ya mwisho, ile ambayo kila mtu huisogelea kwa sababu ndipo dhahabu inapoonekana. Zebaki ikishaikusanya dhahabu inakuwa donge la kijivu. Unalikamua kwa kitambaa, unaliweka kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, zebaki inaruka moshi, dhahabu inabaki. Bujiku aliinamia kikaango hicho tangu ujana wake, uso juu ya moshi, maana macho yakitoka kidogo mali huibwa. Moshi wenyewe hauna harufu wala hauwashi koo, kwa hiyo hakuna aliyeuogopa.

Ikaanza mikono. Akishika kikombe cha chai, chai inamwagika kabla haijafika mdomoni. Zikafuata hasira, akamfokea mkewe kwa chumvi, kwa mlango, kwa kukohoa, mpaka mwanamke wa watu akabeba mtoto akarudi kwao. Kisha kikaja kifafa. Alianguka mara ya kwanza kando ya jiko lake la mkaa, na wenzake, badala ya kufikiria zebaki, wakanong'onezana kwamba amekula ndagu, amechukua dawa ya utajiri na sasa dawa inamdai. Akarudi nyumbani Samuye na begi moja.

Daktari wa Kahama alimpima akasema ubongo upigwe picha ya MRI, huko Mwanza. Akapewa tarehe. Foleni ya huko ilikuwa ndefu na tarehe ilikuwa mbali, na katikati ya kusubiri Bujiku alianguka tena, safari hii karibu na kisima.

Hapo ndipo mama yao alipokumbuka kazi ya Zipora.

Zipora alikuwa fundi wa mashine katika kituo kimoja cha utafiti wa mifugo nje ya mji wa Kahama. Watafiti walitaka kujua zebaki inawafanya nini wanyama wanaokunywa maji chini ya mabwawa ya wachimbaji, kwa hiyo wafugaji walileta mbuzi, kondoo na ndama, wanyama wakadungwa dawa ya usingizi, wakaingizwa kwenye tundu la mashine ya MRI, bongo zao zikapigwa picha. Mashine ilikuwa ya wanyama, ilitengenezwa kwa ajili ya wanyama na kuuzwa kwa ajili ya wanyama. Tundu lake lilimtosha ndama wa mwaka mmoja. Mtu mwembamba lingemtosha pia.

"Mbuzi wa watu wanapigwa picha," mama yake alimwambia, "mwanangu mimi asipigwe?"

"Mama, ile ni ya wanyama."

"Ubongo si ubongo?"

Zipora alijaribu kueleza. Alisema mashine za binadamu zina kizuizi ndani yake, zikikaribia kumdhuru mtu zinakataa kuendelea. Hii ya kwao haina kizuizi, kwa sababu ndama amelala na hawezi kulalamika. Alisema Dakta Nuruddin, mkuu wake, alishaapa kwamba mtu hataingia humo hata kwa dakika moja. Mama yake alisikiliza yote. Kisha akanyoosha kidole uani, ambako Bujiku alikuwa anajaribu kufunga kamba ya kiatu na vidole vinakataa.

Zipora alimpenda ndugu yake kuliko alivyoipenda kazi. Huo ndio ukweli, na haukumsaidia mtu yeyote.

Walikwenda Jumapili, Dakta Nuruddin akiwa safarini na mlinzi akiwa kanisani. Mama alibaki nje chini ya kibaraza. Ndani, Zipora alimvua Bujiku mkanda, akatoa simu, sarafu, ufunguo, msalaba wa shingoni, hata shati lenye vifungo vya chuma. Alikuwa na woga na alifanya kila kitu polepole. Mwishoni ikabaki bangili.

Bangili hiyo ilikuwa ya shaba, nene kama kidole cha mtoto, ncha zake zimeunganishwa na mhunzi ikawa duara kamili. Ilikuwa ya masamva, wahenga wa ukoo. Babu yao aliivaa, akamwachia Apolonia, na Bujiku alipougua utotoni karibu kufa, Apolonia aliivua mkononi mwake mwenyewe akamvisha mtoto na kumpa jina la babu. Bujiku akapona. Mkono ukakua ndani ya bangili mpaka haitoki tena ila kwa kukatwa, na kuikata kuna taratibu zake: pombe imwagwe, ukoo ukae, na aliyeivisha awepo.

"Hii lazima itoke," Zipora alisema.

"Shangazi hayupo."

"Bujiku."

"Ikitoka bila Shangazi, mimi siingii humo. Turudi nyumbani."

Sikiliza sasa kosa lilipofanyika, maana lilikuwa dogo na lilifanywa kwa uangalifu. Baba yao, alipokuwa hai, alinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Zipora alikulia mezani kwake akimwona anapitisha sumaku, iliyovikwa nailoni, juu ya mchanga uliooshwa. Mchanga mweusi wa chuma uliirukia sumaku, akautupa. Kilichobaki kwenye sahani ndicho kilichomlisha. "Kinachoikataa sumaku ndiyo mali," baba alikuwa akisema, "kinachoikubali ni uchafu." Ukimwuliza mtu yeyote kutoka Kahama hadi Geita atakwambia hivyo hivyo. Na Zipora mwenyewe, kazini, alitembea na kisumaku mfukoni cha kupimia kengele na minyororo ya mbuzi kabla hawajaingia chumbani.

Akakitoa. Akakigusisha kwenye bangili huku na huku. Kikateleza, kikaanguka kiganjani mwake, hakikushika popote.

"Inakataa," alisema, na moyo ukatulia.

Kanuni ya kituo ilisema metali yoyote, hata dhahabu, isiingie. Dakta Nuruddin aliwahi kumweleza sababu. Sumaku kubwa, alisema, ile inayovuta chuma, imetulia tuli usiku na mchana. Mjinga yeyote anaweza kuiogopa. Lakini ndani ya ukuta wa tundu kuna koili, nyaya zilizoviringishwa, zinazotengeneza sumaku za kubadilika-badilika, zinawashwa na kuzimwa kwa kasi isiyohesabika, na hizo ndizo zinazopiga ile kelele ya nyundo. Hazivuti kitu. Zinazalisha umeme ndani ya kitu. Duara la shaba likikaa humo linapata umeme wake lenyewe, bila waya, na umeme unageuka joto. Mishipa ya mnyama nayo inashtuka. Zipora alikuwa ameona kwa macho yake mapaja ya mbuzi waliolala yakirukaruka kwa kuifuata kelele ya mashine. Alikuwa ameuliza, akajibiwa kwamba wamelala, hawasikii. Haya yote aliyajua. Ila aliyajua kwa kichwa, na ile sumaku ya baba yake aliijua kwa mkono.

Akamlaza Bujiku kwenye kitanda cha mashine, akamziba masikio kwa pamba, akambana kichwa kwa vitambaa kisitikisike.

"Kelele itakuwa kubwa," alimwambia. "Usiogope. Na usitikisike. Ukitikisika picha inaharibika, tutakuwa tumekuja bure."

"Sitatikisika."

Mashine za watu zina mpira mdogo ambao mgonjwa anaubonyeza akizidiwa. Hii haikuwa nao. Nani angempa mbuzi mpira? Zipora alikwenda kukaa nyuma ya kioo. Kompyuta ikamwuliza aina ya mnyama, ikampa orodha, na mtu hakuwemo. Akachagua ndama.

Picha za kwanza zilikuwa fupi na za upole. Zilipokoma, alifungua mlango akachungulia.

"Uko salama?"

"Niko salama," Bujiku alijibu kutoka ndani, sauti inavuma. "Bangili inatetemeka."

"Ni mkono wako, Bujiku."

Ulikuwa mkono unaotetemeka kila siku, anashindwa kufunga kiatu. Ungemlaumuje mtu aliyejibu hivyo? Lakini safari hii mkono ulikuwa umetulia na shaba ndiyo iliyokuwa inatikisika. Kichwa cha Bujiku kilikuwa katikati ya tundu, mahali ambapo zile sumaku za kubadilika hazina nguvu. Mkono wake ulilala kando ya nyonga, karibu na mdomo wa tundu, na huko ndiko zinakochafuka kuliko kote.

Akafunga mlango. Akaanzisha picha ndefu, ile inayoonyesha nyuzi za ubongo, inayozipiga koili kwa nguvu zote walizopewa na waliozitengeneza. Kelele ilijaa jengo zima. Zipora alitazama skrini ambako ubongo wa ndugu yake ulianza kujitokeza kijivu kwa kijivu, na akawa anaomba kimoyomoyo. Alipoinua macho aliona kupitia kioo misuli ya mapaja ya Bujiku ikirukaruka, ikifuata mapigo ya mashine kama ya wale mbuzi. Alijiambia ni zebaki. Aliyatazama mapaja hayo, akayarudia maneno hayo, akaiacha mashine iendelee. Baadaye miguu ikaanza kupiga kitanda.

Alibonyeza kitufe chekundu, akakimbia. Kitanda kilipotoka Bujiku alikuwa amekakamaa mwili mzima, povu mdomoni, macho yamepanda. Alipomshika mkono ili amlaze ubavu, bangili ilimchoma vidole akaiachia. Harufu aliyoisikia aliijua. Ni ya ngozi ya mbuzi inapobabuliwa manyoya. Alimwagia maji ya kunywa ya kwenye chupa, yakachemka kidogo juu ya shaba, akamwaga tena na tena mpaka ikapoa.

Kifafa kilipopita, Bujiku alifumbua macho. Ilimchukua muda kumtambua.

"Nilipiga kelele," alisema.

"Sikusikia."

"Mwanzoni nilivumilia. Ulisema nisitikisike."

Zipora alilia pale sakafuni mpaka mama yao akaingia. Walimfunga mkono kwa dawa ya kuungua na kitambaa safi, wakamrudisha Samuye. Picha ilikuwa imeharibika. Palipotakiwa kuonekana ubongo palionekana ukungu. Mkono ulianza kupona. Zipora alikuwa akiusafisha kwa uangalifu kila alipokwenda nyumbani, na Bujiku hakumlaumu hata siku moja. Kisha asubuhi moja, akiwa ananawa uso uani, akaanguka na hakuamka. Kama ni zebaki iliyomuua au ile Jumapili iliyokiamsha kifafa upya, hakuna atakayejua, na Zipora alitambua mapema kwamba atazeeka na swali hilo.

Waliomwosha maiti ndio waliofungua kitambaa. Walikuta chini ya bangili kovu jeusi limezunguka mkono wote, duara kamili, na nje ya bangili ngozi nzima. Hakuna jiko linalochoma hivyo. Hakuna maji ya moto yanayochoma hivyo. Luka, binamu wa marehemu, mmoja wa waoshaji, alitoka chumbani akiwa amebadilika rangi, na kabla ya kaburi kufukiwa kila mtu alikuwa ameshasikia kwamba bangili ya Apolonia ilimchoma Bujiku bila moto.

Pale makaburini ndipo Zipora alipopaswa kusema. Neno lingekuwa bado bichi, lingepindika. Alifungua mdomo, mama yake akamtazama, akaufunga. Watu wa ukoo wakaenda kwa mganga, na mganga akasema aliyetoa kitu ndiye aliyechukua mtu. Siku zikapita. Watu wakaacha kumsalimia Apolonia, kisha wakaacha kuchota maji akiwapo, na mwishowe sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakaita mkutano.

Mzee Magesa, mtemi wa sungusungu, alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoielewa. Hakutaka kumfukuza mtu bila kumsikiliza. Alimwita Apolonia mbele.

Bibi alisimama wima. Hakulia. "Bangili ile aliivaa baba yangu mpaka akafa uzeeni," alisema. "Nikaivaa mimi. Nilivuna nayo, nilizaa nayo, nilikaa nayo jikoni. Haikunichoma. Nilimvisha Bujiku akiwa anakufa, na akapona, na wengine wenu mlikuwepo. Mniue kama mnataka kuniua. Lakini bangili yangu haikumdhuru mtoto wa kaka yangu. Hilo nalijua, na masamva wanalijua."

Aliposema "hilo nalijua" aliwatazama mmoja mmoja, na Zipora alipofikiwa na macho hayo mekundu hakuweza kuyastahimili. Alikitoa kiwiko chake mkononi mwa mama yake. Mama alikishika tena, akambana mpaka kucha zikaingia. Zipora akasimama hivyo hivyo.

"Shikamooni wazee," alisema. "Shangazi hana kosa. Mkono niliuchoma mimi."

Aliwaeleza yote, mashine ya wanyama, Jumapili, mlinzi, picha iliyoharibika. Hakuficha jambo. Minong'ono ilipanda na kushuka. Mzee Magesa aliinua mkono watu wakanyamaza.

"Ulimchoma kwa kitu gani, mwanangu?"

"Kwa mashine, mzee."

"Ina moto?"

"Haina."

"Ina waya uliomgusa?"

"Hapana. Hakuna kilichomgusa." Aliona anapotea, akajaribu kwenda polepole. "Kuna nguvu ndani yake. Inabadilika kwa haraka sana. Inapita mwilini bila mtu kuiona. Ikikuta duara la shaba inaleta moto humo ndani ya shaba yenyewe."

"Nguvu hiyo inaonekana?"

"Haionekani."

"Ina harufu?"

"Hapana, mzee."

"Inapita mwilini mwa mtu, inakwenda kuwasha moto kwenye kitu alichovaa."

"Ndiyo."

Mzee Magesa alitikisa kichwa taratibu, si kwa kejeli. Alikuwa anasikia kitu anachokijua tangu utoto, kimesemwa kwa mara ya kwanza na mtu mwenye cheti. Akauliza tena:

"Mbuzi wangapi wameingia humo?"

"Wengi."

"Wameungua?"

"Hawajaungua."

"Walikuwa na bangili?"

"Hapana."

"Na Bujiku angeingia mkono mtupu, mkono ungeungua?"

Zipora aliuona mtego, ingawa hakuna aliyeutega. Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amesimama ili aseme kweli, na kweli haina nusu. "Usingeungua, mzee," alisema.

"Basi umetusaidia," Mzee Magesa alisema kwa upole. "Kaa, binti. Wewe ni mtoto, ulitumika bila kujua. Aliyetega ametumia mashine yako kama mwingine anavyotumia radi. Hatuna neno na wewe."

Mama yake alitoa pumzi aliyokuwa ameishika tangu asubuhi. Zipora aliisikia. Alianza kusema tena, kwa sauti kubwa sasa, kwamba hapana, hamjanielewa, bangili yoyote ingefanya vile, hata ya dukani, na Luka akamjibu kwamba ya dukani haikuwepo, iliyokuwepo ni hiyo. Watu wakaitikia.

Ndipo Shangazi Apolonia aliposogea mbele. Hakumtazama mtemi. Alimtazama Zipora, na ule wima wake ulikuwa umelegea.

"Wewe umesoma," alisema. "Hebu niambie mimi. Bangili yangu ndiyo iliyomchoma?"

"Shangazi, ni mashine..."

"Nimesikia ya mashine. Nauliza bangili."

Zipora alitafuta neno ambalo lingekuwa kweli na lisiwe ndiyo. Hakulipata.

"Ndiyo, Shangazi."

Bibi aliketi chini mahali pale pale aliposimama, vumbini, wala hakutafuta mkeka. Hakujitetea tena. Mzee Magesa alipompa mpaka Jumamosi kuondoka, aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa jambo la kawaida.

Zipora aliporudi kazini alimweleza Dakta Nuruddin. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akafumba macho, akamwomba funguo za kituo. Alisema angekuja mwenyewe Samuye kuwaeleza watu. Zipora akamwuliza angewaeleza nini, na daktari alipoanza kusema, sumaku zinazobadilika, umeme usio na waya, joto bila moto, aliishia katikati na hakuendelea.

Ijumaa Zipora alikwenda kwa Shangazi. Alimkuta anafunga mzigo wake: sufuria, blanketi, jembe lisilo na mpini. Mlangoni majirani walikuwa wamemwaga majivu, kama kufukuza uchawi. Zipora alipiga magoti.

"Shikamoo, Shangazi."

Bibi alikunja blanketi kwanza. "Marahaba."

"Nitakupeleka mimi mpaka Ushetu. Nimeongea na mwenye gari. Hutatembea."

"Gari sitaki. Atakayenigusa njiani, si ni haki yake sasa?"

"Usiseme hivyo. Hukujua, Shangazi. Hukujua kitu."

"Na wewe ulijua?"

"Sikujua." Kisha, kwa kuwa uongo mdogo nao ulimchosha, akasema, "Nilijua, lakini nilisahau."

Apolonia alikaza fundo la kitenge kwa meno. Mikono yake ilikuwa mitupu. Ule wa kushoto bado ulikuwa na mfereji hafifu ulioachwa na bangili zamani.

"Mama yako alikukataza kusema," alisema.

"Ndiyo."

"Yeye anafikiri alikuwa anakuokoa wewe." Akaketi juu ya mzigo, akautazama mkono ule wenye alama. "Wangenifukuza tu, useme usiseme. Hilo nililikubali. Nilikuwa nitoke hapa nikiwa najua sikumdhuru. Nilikuwa na hilo moja tu, Zipora, na lingenitosha mpaka Ushetu na hata njiani, kama wangenikuta njiani. Wewe umekuja na kweli yako ukalichukua."

Zipora alishika mzigo ili amsaidie kuubeba. Bibi alimwondoa mkono, bila hasira, akajitwisha mwenyewe, akatoka akikanyaga yale majivu. Hakungoja Jumamosi.